Nesi Aliyeangalia Chini ya Ulimi

Bulandina hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kukutazama mdomoni unapozungumza badala ya machoni, na watu wa Bwera wasiojua sababu walidhani anakagua meno yao. Sababu ilikuwa kazi. Alikuwa nesi, na muda alioutumia katika wodi za wagonjwa wa akili kule Kampala ulimfundisha kwamba mgonjwa anaweza kupokea kidonge, akanywa maji, akashukuru, akaenda zake huku kidonge kile kile kikiwa kimelala chini ya ulimi. Tangu hapo hakumwamini mtu yeyote aliyefunga mdomo upesi.

Alizaliwa Muhokya kwa wakulima wa pamba, akasomeshwa na masista, akaenda Kampala kujifunza unesi. Aliporudi katikati ya miaka ya sitini na kupangiwa zahanati moja ya Bwera, mji wa mpakani mwa Uganda na Kongo, habari za wodi zile zilikuwa zimemtangulia, na majirani wakampa jina: nesi wa wazimu. Alilisikia wala hakulipinga. "Nyinyi mkiwa wazima hamnihusu," aliwaambia, akaendelea kufunga vidonda na kupima watoto kama nesi mwingine yeyote. Aliolewa na Blasio, dereva wa lori lililobeba chumvi kutoka Kabatoro hadi soko la Bwera, mtu wa kucheka na kila mtu njiani. Walioshangaa mcheshi yule alimpendea nini mkavu yule, Blasio aliwajibu kwamba katika nyumba ni lazima angalau mmoja awe na akili.

Siku hizo mpakani hapakuwa na nafasi. Vita vya Kongo vya mwaka wa sitini na nne vilivusha watu wengi kutoka Beni na Butembo, wenye vyerehani vichwani na watoto mgongoni. Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja mjane, Kaswera, pamoja na mke wa mwanawe, Martine. Mwanawe huyo, Sosthène, alikuwa akiuza vitenge Beni. Aliwavusha mto Lubiriha wa mpakani, akawaonyesha jamaa wa kuwapokea, akarudi kuchukua bidhaa zake, na hakuonekana tena. Hapakuwa na aliyemwona amekufa, wala aliyemwona hai. Hilo ndilo lililoumiza kuliko yote, maana matanga ya mtu asiyezikwa huwezi kuyamaliza, na mke wake hajui kama ni mjane au ni mke anayesubiri.

Martine alijikaza kwa miaka. Alikuwa mzaliwa wa Bunia, lugha ya kwao Kiswahili, na kwa heshima yake nyumba nzima ya Kaswera ilizungumza Kiswahili. Alishona nguo kwenye baraza ya duka moja sokoni na wateja hawakukosekana. Kisha, mwaka wa sitini na nane, akaanza kunyamaza. Kwanza aliacha kuimba kanisani, halafu akaacha kushona, halafu akaacha kuoga, mwisho akalala akiwa ameupa mlango mgongo, na chakula alichopelekewa kikawa kinaliwa na kuku.

Watu wa Bwera ni wepesi wa kutoa dawa wasiyoombwa. Wengine walisema amerogwa na mke wa mfanyabiashara mwenzake Sosthène. Wengine walisema Sosthène anamwita. Wengine, na hawa ndio waliomuudhi Bulandina aliposikia, walisema ni uvivu wa wanawake wa mjini. Kaswera alijaribu yote: alitoa sadaka ya Misa, akaleta mganga wa mizizi usiku ili padri asijue, akamgombeza, akambembeleza. Mwishowe alimkalisha kwenye baiskeli ya kukodi, akamshikilia kwa nyuma asianguke, akamleta zahanati.

Daktari Byaruhanga alikuwa akija kutoka Kasese mara moja kwa juma. Alikaa na Martine muda mrefu kuliko alivyokaa na mgonjwa mwingine siku ile, akamuuliza habari za usingizi, za chakula, za mume, akapokea majibu ya kichwa tu. Kisha akaandika vidonge vya imipramini, dawa ya ugonjwa wa huzuni. "Bulandina, huyu ni wako," alisema. "Mimi nimeandika dawa, lakini kazi yenyewe unaijua iko wapi." Aliijua. Alimchukua Kaswera pembeni, wakaketi kwenye benchi.

"Mama, nisikilize vizuri. Dawa hii siyo kama ya malaria. Itaanza kwa kumsumbua. Kinywa kitakauka, choo kitakuwa kigumu, akisimama ghafla ataona kizunguzungu. Mpe maji, mpe papai, mwambie akae kwanza kitandani kabla ya kusimama. Nafuu yenyewe itachelewa, wiki mbili, tatu, hata zaidi. Na pombe asionje, hata ya ndizi, hata ya sherehe ya kipaimara."

"Na chupa?"

"Chupa ni yako, siyo yake. Ifungie. Vidonge hivi vina ngozi ya sukari, mtoto akiviona atadhani ni peremende, na mtu akimeza vingi kwa pamoja moyo unasimama. Utampa kwa mkono wako, utangoja ameze, halafu utamwambia afungue kinywa na ainue ulimi. Ngozi hiyo inaacha rangi ya tofali. Ukiona rangi chini ya ulimi, ujue hajameza."

Kaswera alijishika kifua. "Muke ya mutoto yangu! Nimuangalie mu kinywa sawa mbuzi ya soko?"

"Sawa na mbuzi wa soko. Na usimwonee haya, mama. Haya ndiyo inayoua wagonjwa wa namna hii." Bulandina alisema hivyo bila kutabasamu, kisha akaongeza neno alilolichukua Kampala na alilolirudia kwa kila familia. "La mwisho ndilo kubwa. Miguu itaamka kabla ya moyo. Ukimwona ameamka, anafagia, anapika, msishangilie. Siku hizo ndizo za kumlinda kuliko hizi za kulala."

Kaswera aliitikia. Aliitikia yote, akayashika yote, ila hilo la mwisho lilimpita. Aliyeamka ameamka, ndivyo alivyojua tangu utoto wake.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kaswera alikuja zahanati akiwa amekasirika. "Mama munganga, dawa yako imemupatia kiu tu. Na choo imefunga. Ugonjwa iko pale pale, sasa iko na wenzake." Bulandina hakukasirika. Alimwambia huo ndio mwendo wake, mabaya hutangulia mazuri, akampa la kufanya kwa ajili ya choo, akamrudisha nyumbani. Usiku alimwambia Blasio kwamba anaogopa. Blasio alitaka kufanya mzaha, akamtazama, akaacha.

Sasa ijulikane desturi ya nyumba kama ile ya Kaswera. Mwanamke akiugua sana, wenziwe humshikia nyumba yake: moto wake, jembe lake, ghala lake, vyombo vyake. Siku akiinuka na kufagia kiwanja mwenyewe, mkubwa wa nyumba humrudishia kila kitu mbele ya majirani. Wala hubakishi kitu. Ukibakisha hata kijiko, unamwambia mbele za watu kwamba kwako wewe bado ni maiti. Ni desturi nzuri, na imewarudishia wanawake wengi heshima yao. Bulandina aliifahamu tangu kwa mama yake, lakini hakuiwazia alipokuwa akitoa maagizo yake pale kwenye benchi.

Asubuhi moja Kaswera aliingia zahanati amevaa nguo za kanisani, kuku kwapani, anacheka machozi.

"Amepona! Mama munganga, Mungu ni mukubwa! Jana amefagia kiwanja, ameoga, amesuka kichwa, amepika sombe, tumekula wote. Leo nimemurudishia nyumba yake. Kuku hii ni yako, na yeye ametuma hii." Akatoa kitenge kilichokunjwa vizuri, cha bluu na manjano, kisichofuliwa mara nyingi.

Bulandina alikishika. "Ni kitenge gani hiki, mama?"

"Ya harusi yake."

"Na cherehani chake?"

"Amepatia dada ya jirani. Roho yake imekuwa muzuri sana, anagawa tu."

Bulandina aliweka kuku chini, na kuku akakimbilia chini ya meza ya dawa. "Mama Kaswera, chupa iko wapi?"

"Si nimekuambia, nimemurudishia nyumba? Yote. Ningebakisha chupa namna gani? Ingekuwa kumutukana mbele ya batu."

Bulandina hakumgombeza, kwa kuwa hapakuwa na wakati. Alitoka na sare yake nyeupe, akachukua baiskeli ya Maate, mlinzi wa zahanati, bila kuomba, akapiga pedali kuelekea nyumba ya Kaswera upande wa mpakani. Watu sokoni walimcheka, nesi wa wazimu amepatwa na wazimu wenyewe. Hakuwasikia. Njia nzima alisema kwa sauti, asijue kama anasali au anaamuru: "Bado, bado, bado."

Alimkuta Martine nyuma ya nyumba, ameketi mkekani, kichwa kimesukwa, nguo safi. Chupa ilikuwa wazi. Vidonge vyote alikuwa amevimwaga kwenye ungo, anavitenga kwa kidole polepole kama mtu anayechambua maharage. Kikombe cha maji kilikuwa kando, kimejaa.

Bulandina hakumnyang'anya. Aliketi mkekani, akihema, jasho likimtiririka.

"Dada Martine. Umekunywa vingapi?"

"Bado."

"Unataka kufa?"

Kampala walimfundisha kuuliza hivyo, waziwazi, kulitaja jambo kwa jina lake. Walimwambia swali halimtii mtu wazo asilokuwa nalo. Hata hivyo kila mara alipouliza alihisi kama anatupa jiwe gizani. Martine alimtazama, na uso ule uliokuwa mkavu miezi yote ukaanza kutetemeka.

"Mama munganga, tangu nilianza kulala, batu banauliza kama nimekula. Kila siku, nimekula, nimekula. Hakuna mutu aliniuliza hii."

"Sasa nakuuliza mimi."

"Ndiyo. Niko nataka. Zamani pia nilikuwa nataka, lakini sikukuwa na nguvu hata ya kuamuka. Sasa nguvu imekuja."

"Najua. Nguvu hiyo ni ya dawa. Miguu imeamka, moyo bado uko njiani, unakuja nyuma. Usiondoke kabla haujafika."

"Na kama haifike?"

Hapo nesi mwingine angeapa kwa Mungu. Bulandina aliwaza, akasema ukweli. "Sijui. Nimeona ukifika kwa wengi. Kwa wachache niliona haukufika, sitakudanganya. Lakini sijaona mtu aliyekufa ukamfikia. Nipe ungo."

Martine alilia, kwa sauti, kilio cha matanga ambacho hakuwahi kukilia tangu mto Lubiriha. Majirani walitokea wakasimama kwenye kona ya nyumba. Bulandina aliwaambia waende zao na wakaenda. Kilio kilipopungua, Martine aliusukuma ungo juu ya mkeka hadi ukagusa goti la nesi.

Tangu siku ile Bulandina hakumwachia mtu kazi hiyo. Chupa ilikaa kwake, na kila jioni akitoka kazini alipita kwa Martine na dozi ya siku moja tu, jua au mvua, akangoja ameze, akasema maneno yale yale: "Fungua kinywa. Inua ulimi." Kaswera, alipoelewa alichokuwa nusura akifanye, alipiga magoti mbele yake akitaka msamaha. Bulandina alimwinua kwa ukali. "Hukukosa, mama. Ulimheshimu mtu kabla ya wakati wake. Sasa keti naye. Usimuulize kama amekula."

Na moyo ulifika. Haukufika kwa tarumbeta. Jioni moja Blasio, aliyekuja kumpokea mkewe, alisimulia jinsi alivyouza chumvi kwa mtu akidhani ni padri, kumbe ni fundi wa majeneza, na Martine akacheka, akajishika mdomo kwa aibu, akacheka tena. Kaswera alitoka nje akalie mwenyewe. Miezi iliyofuata, Martine alitaka kuitupa dawa mara moja, kwa kuwa alijiona mzima, na Bulandina akamkatalia katakata. Walipunguza kidogo kidogo, kwa ruhusa ya daktari, kila hatua ikingojewa. Na kabla ya Krismasi, jamaa walikubaliana kwamba inatosha: walichimba kaburi, wakazika shina la mgomba mahali pa mwili wa Sosthène, wakamaliza matanga. Bulandina alikirudisha kitenge cha bluu na manjano, na shina likafungwa ndani yake.

Miaka ya sabini ilipita na mambo yake. Askari walitawala, sukari ikawa ya kutafutwa, zahanati ikabaki na aspirini na maji ya chumvi. Martine alishika biashara ya mumewe, akawa mama wa vitenge anayejulikana pande zote mbili za mpaka, hodari wa kuwaitikia askari wa vizuizi "ndiyo afande" na kupita na mizigo yake. Kaswera alifariki kwa uzee, akazikwa vizuri. Bulandina aliendelea kuwatazama watu midomoni.

Mwaka wa sabini na tisa, serikali ile ilipoanguka, askari walikimbilia mipakani kwa gari lolote walilolipata. Walisimamisha lori la Blasio njiani karibu na Muhokya, wakapanda na bunduki zao, wakamwamuru aendeshe. Mtu mmoja alimwona akipita Kasese, anaendesha, hacheki. Lori lilikutwa baadaye msituni, limeungua. Blasio hakuonekana, si hai wala maiti.

Bulandina alifanya kazi mwezi mzima kama aliyepagawa na kazi. Kisha akalala. Akaupa mlango mgongo, na watu wakaleta chakula wakamuuliza kama amekula.

Martine ndiye aliyekuja kumchukua. Alimvalisha, akamkalisha kwenye baiskeli ya kukodi, akamvusha Lubiriha hadi hospitali ya misheni upande wa pili, kwa daktari Anselme aliyekuwa mteja wake wa vitenge. Vidonge vilikuwa vile vile, rangi ya tofali. Martine aliifunga chupa kwenye pindo la kitenge chake kiunoni, na kuanzia hapo hakuiondoa, hata akilala.

Bulandina alikuwa mgonjwa mbaya sana, kwa kuwa alizijua hila zote. Alimeza kwa adabu. Aliinua ulimi kabla hajaambiwa, na kidonge akawa amekishindilia kati ya shavu na ufizi, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kumfundisha mtu kutazama. Alimeza vya kutosha kumwamsha. Vingine alivikausha na kuviweka akiba.

Asubuhi moja majirani walimkuta anafagia kiwanja. Alikuwa ameoga, sare yake imepigwa pasi na kutundikwa. Walipiga vigelegele. Martine alipofika, Bulandina alimpa redio ya Blasio. "Chukua, wewe unapenda habari," alisema.

Martine aliipokea redio, akaitazama, akaiweka chini taratibu. Kisha akafunga mlango, majirani wakabaki nje na vigelegele vyao.

"Mama, fungua kinywa."

"Martine, hayo nimekufundisha mimi."

"Njo maana. Fungua." Aliingiza kidole chake kwenye shavu, bila haya, kama anayemkagua mbuzi wa soko, na kidole kikatoka na rangi ya tofali. Akakifuta kwenye kitenge. Akaketi sakafuni mbele yake, akamshika magoti.

"Unataka kufa?"

Bulandina alikuwa amewauliza watu wengi swali hilo. Siku zote alidhani uzito wake uko kwa anayeuliza. Sasa lilimwingia kama maji ya moto kwenye mwili uliokufa ganzi kwa baridi, likauma, na nyuma ya maumivu akasikia kwamba hayuko peke yake chumbani. Alitaka kusema hapana, na alijua jinsi ya kuisema hapana ikaaminika.

"Ndiyo," alisema.

"Moyo iko mu njia," Martine alimwambia. "Mi niko hapa mupaka itafika."

"Na kama haufiki?"

"Sijue, mama. Kwangu ilifika."

Bulandina aliingiza mkono chini ya mto, akatoa leso iliyofungwa fundo, nzito kidogo kwa vidonge vilivyomo, akaiweka kwenye kiganja cha Martine. Martine aliifunga pamoja na chupa kiunoni mwake. Akatandika mkeka mlangoni, akaketi juu yake. Ilikuwa siku ya soko kubwa, na vitenge vyake vyote vilikuwa vimefungwa tayari kwa safari, na vikabaki vimefungwa.